Mdundo na Damu: Mjadala Kuhusu Moyo Usiotulia katika Mulanda

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kila pigo huanzia mahali pamoja, katika fundo dogo la chembe lililo kwenye chumba cha juu cha upande wa kulia, ambako umeme hafifu huzaliwa, ukasambaa katika vyumba viwili vya juu viitwavyo atria, ukangoja kidogo katika kivuko cha katikati, kisha ukashuka kwenye vyumba viwili vya chini viitwavyo ventrikali, ambavyo ndivyo vinavyoisukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Mpango huo ukivurugika, mwenye moyo husema kwamba moyo unamwenda mbio, unaruka, unapapa au unashtuka, na katika vijiji vya mpakani mwa Uganda na Kenya mara nyingi huongeza kwamba ana presha, kwa kuwa neno hilo limezoea kubebeshwa kila shida ya kifua. Hata hivyo, mivurugiko hiyo si ya namna moja. Yako mapigo ya ziada yanayojipenyeza kati ya mapigo ya kawaida, ambayo kwa mtu mwenye moyo mzima kwa kawaida hayana hatari. Yako mashambulizi ya moyo kwenda kasi kwa mpangilio ulio sawa, yanayoanza ghafla na kukatika ghafla. Na uko mtetemo wa atria, ambao ndio mzito kuliko hiyo miwili, kwa maana humo vyumba vya juu haviongozwi tena na fundo lao, bali hutetemeka ovyo kwa misukumo ya umeme zaidi ya 300 kwa dakika, na ventrikali hupokea baadhi tu ya misukumo hiyo, pasipo utaratibu wowote. Mtetemo huo unaweza kuja na kuondoka kwa miaka, kila mara ukikaa muda mrefu zaidi, mpaka siku moja usiondoke.

Mulanda ni gombolola katika wilaya ya Tororo, katika Padhola, yaani nchi ya watu wa Jopadhola, nayo ina kituo cha afya cha daraja la nne, yaani kituo ambacho katika mpango wa Uganda huongozwa na daktari, huwa na chumba cha upasuaji mdogo na wa uzazi, na hutegemewa na watu wapatao 100,000. Juu ya kituo hicho kuna hospitali za mji wa Tororo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mbale, na mwisho Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tororo. Upande wa mashariki, kupitia Malaba au Busia, kuna njia ya pili inayoelekea Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mtu wa Mulanda anayetafuta tiba ya moyo huishi katikati ya njia hizo mbili, akiwa na fedha za kumfikisha mwisho wa njia moja tu, na pengine zisimfikishe hata huko. Hali hiyo ndiyo inayoupa mjadala huu uzito wake, kwa sababu suala la tiba ipi ni bora linaloulizwa vitabuni, hapa hugeuka kuwa suala la tiba ipi itangulie.

Hoja iliyowekwa mbele ya wasemaji ni hii: kwamba mtu wa Mulanda ambaye mtetemo wa atria humrudia mara kwa mara afadhali atumie nguvu na fedha zake kuilinda damu yake isigande kuliko kuutafuta mdundo wake wa zamani. Wasemaji si watu halisi, bali ni misimamo iliyopewa sauti: Mtetezi anaiunga mkono hoja, Mpinzani anaikataa, naye Mwenye Maradhi, ambaye hakualikwa na upande wowote, anaingia pale wawili hao wanapoonekana kumsahau.

MTETEZI. Hoja inasimama juu ya swali moja, nalo ni kwamba katika mtetemo wa atria ni kitu gani kinachoua au kulemaza. Si mpapatiko anaousikia mgonjwa kifuani, ingawa unatisha. Atria zinapotetemeka badala ya kujikunja, damu iliyomo haisukumwi ikaisha, na katika kijifuko kilichochomoza kando ya atria ya kushoto hutuama kama maji ya dimbwi, na damu iliyotuama huganda. Bonge la damu likichomoka hushuka kwenye ventrikali ya kushoto, likarushwa katika mshipa mkuu, na mara nyingi likapanda ubongoni, ambako huziba mshipa na kuleta kiharusi. Uchunguzi wa miongo mingi uliofanywa katika mji wa Framingham nchini Marekani ulionyesha kwamba mtetemo wa atria pasipo ugonjwa wa vali huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5, na kwamba ukiungana na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, hatari hufikia mara 17 hivi. Homa hiyo huanza kwa koo kuuma kutokana na bakteria waitwao streptokokasi, na baada ya majuma machache kinga ya mwili, katika kupambana na bakteria hao, hugeuka ikashambulia vali za moyo, hasa vali ya mitrali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Katika rejista ya kimataifa ya wagonjwa wa mtetemo wa atria iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo ilikusanya wagonjwa zaidi ya 15,000 katika nchi 47, wenye ugonjwa huo wa vali walikuwa kama 2 kati ya kila 100 huko Amerika ya Kaskazini, lakini katika Afrika walikuwa zaidi ya 20. Kwa hiyo mtu wa Mulanda anapoambiwa kwamba moyo wake unatetemeka, jambo la kwanza la kuuliza ni hali ya vali zake, na la pili ni nani atakayeilinda damu yake.

Hata majaribio yaliyoulinganisha upunguzaji wa kasi na urejeshaji wa mdundo yanaelekea huko. Jaribio la AFFIRM, lililochapishwa mwaka 2002 na kuwahusisha wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada, liligawa wagonjwa mafungu mawili: fungu moja lilipewa dawa za kuurudisha mdundo wa kawaida na kuushikilia, na jingine liliachwa na mtetemo wake, likapewa dawa za kupunguza kasi ya ventrikali tu. Baada ya miaka kadhaa, waliorudishiwa mdundo hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. La kuzingatia zaidi ni kwamba viharusi vingi, katika mafungu yote mawili, viliwapata watu ambao ama walikuwa wameacha dawa ya kuzuia damu kuganda ama dawa hiyo ilikuwa haijafikia kiwango kinachotakiwa. Mdundo ulirudi, dawa ya damu ikaachwa, na kiharusi kikaja.

MPINZANI. Ndugu Mtetezi amesema kweli kuhusu bonge la damu, ila amemvisha mtu wa Mulanda koti la mtu mwingine. Wagonjwa wa jaribio la AFFIRM walikuwa na umri wa miaka 70 kwa wastani. Utafiti uitwao REMEDY, uliowakusanya wagonjwa 3,343 wa vali za baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulikuta kwamba nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na mtetemo wa atria. Kumwambia mzee wa miaka 70 aizoee kasi ya moyo wake ni jambo moja, na kumwambia vivyo hivyo mwanamke wa miaka 28 anayelima, anayechota maji na anayenyonyesha ni jambo jingine kabisa.

Isitoshe, vali ya mitrali ikiwa imebana, mdundo si suala la starehe. Damu hupita katika tundu lile jembamba wakati moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, na mwisho wa kulegea huko atria hujikunja kusukuma sehemu iliyobaki. Mtetemo ukiingia, msukumo huo wa mwisho hupotea, na kwa kuwa moyo pia huenda mbio, muda wa kulegea nao hupungua, hivyo damu hurundikana nyuma ya vali hadi mapafuni, na mtu ambaye jana alitembea hadi sokoni leo hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Mtu huyo hakwenda kituoni kwa sababu ya bonge la damu asilolijua, bali kwa sababu ya pumzi yake. Tiba isiyojibu lalamiko lililomleta haitamrudisha mara ya pili, na asiporudi, hata hiyo dawa ya damu anayoitetea ndugu Mtetezi haitamezwa.

Elimu nayo imesogea tangu mwaka 2002. Jaribio la EAST-AFNET 4, lililochapishwa mwaka 2020 na kuwahusisha wagonjwa 2,789 wa nchi 11 za Ulaya, lilichukua watu ambao mtetemo wao uligunduliwa katika mwaka mmoja uliotangulia, likaonyesha kwamba wale waliorejeshewa mdundo mapema kwa jumla walipatwa na vifo vya moyo, viharusi na kulazwa hospitalini kwa ajili ya moyo mara chache kuliko wale waliopewa tiba ya kawaida. Njia za kurejesha mdundo zipo: dawa kama amiodaroni, mshtuko wa umeme unaotolewa kifuani mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, njia ambayo daktari Bernard Lown aliifungulia mlango mwaka 1962, na uunguzaji wa vijisehemu vya atria kwa waya unaopitishwa katika mshipa wa paja, uliotokana na ugunduzi wa mwaka 1998 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, kwamba cheche nyingi za mtetemo hutokea kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Haki ya mtu wa Mulanda kuyajua hayo haipungui kwa sababu ya umbali.

MTETEZI. Haki ya kujua haipingwi, ila utaratibu wa njia hizo nao ujulikane. Mtu ambaye mtetemo umemkaa zaidi ya siku mbili hapewi mshtuko wa umeme kabla ya kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa majuma matatu, isipokuwa atria yake imechunguzwa kwa kipimo maalumu au hali yake ni ya kufa na kupona, kwa sababu atria inapoanza tena kujikunja huweza kulisukuma bonge lililokuwa limetulia. Na baada ya mshtuko huendelea na dawa kwa majuma manne yasiyopungua. Amiodaroni nayo ina aidini nyingi inayoweza kuiharibu tezi ya shingoni, na huongeza nguvu ya dawa ya damu hadi mtu akavuja. Uunguzaji wa waya hufanyika katika hospitali chache mno za ukanda huu, kwa gharama ambayo jamaa nyingi za Mulanda haziimudu hata zikiuza shamba, na haujakusudiwa kuitengeneza vali iliyobana. Hata katika lile jaribio la Ulaya, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa mafungu yote mawili walikuwa wakimeza dawa ya kuzuia damu kuganda. Njia ya mdundo, kwa hiyo, nayo hupita katika mlango wa damu.

Kuhusu pumzi, jibu lipo na ni rahisi kuliko lile la kurejesha mdundo. Ventrikali zikipunguzwa kasi kwa dawa kama bisoprololi, atenololi au digoksini, muda wa kulegea hurudi, mapafu hupunguziwa mzigo, na mgonjwa hulala, hata kama atria zake zingali zikitetemeka.

Hapa ndipo mjadala unapoweza kuishia katika vitabu vingi, pande mbili zikiwa zimepimana nguvu kwa majaribio ya Amerika na Ulaya. Lakini neno kuilinda damu, ambalo Mtetezi analitamka kana kwamba ni tendo moja, katika Mulanda ni mlolongo wa matendo mengi, na anayeyatenda ndiye anayestahili kuyaeleza.

MWENYE MARADHI. Wasemaji wawili wamezungumza juu ya dawa ya damu kana kwamba iko mezani. Dawa inayokusudiwa ni warfarini. Asili yake ni ugonjwa wa kuvuja damu uliowaua ng'ombe wa Kanada na Marekani katika miaka ya 1920 baada ya kula majani makavu yaliyooza, na kutokana na uchunguzi wa ugonjwa huo dawa hiyo ilipatikana, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kabla ya kuanza kutumiwa kwa binadamu katika miaka ya 1950. Watu wa nyumbani wakisikia habari hiyo huogopa, nao hawana kosa, kwani tofauti kati ya dawa na sumu hapa ni kipimo tu. Kipimo chenyewe huitwa INR, nacho huonyesha damu huchukua muda gani kuganda ikilinganishwa na damu ya mtu asiyemeza dawa: kwa mgonjwa wa mtetemo lengo huwa kati ya 2 na 3, na chini ya 2 bonge hurudi, na kadiri kipimo kinavyopanda juu ya 3 ndivyo hatari ya kuvuja damu tumboni au kichwani inavyozidi. Mwanzoni kipimo hicho huhitajika kila juma au hata zaidi, na baadaye, mambo yakitulia, walau kila mwezi, maisha yote. Sharti si kidonge, maana kidonge chenyewe ni cha bei nafuu. Sharti ni safari.

Safari hiyo hufanywa kwa bodaboda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Ndicho chombo kinachomfikisha mgonjwa kwenye kipimo, na ndicho pia kinachoweza kumwangusha, na kwa mtu anayemeza warfarini pigo dogo la kichwa huweza kuwa kuvuja damu kusikoonekana.

Kuna chakula. Warfarini hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na vitamini hiyo imejaa katika mboga za majani. Mgonjwa huambiwa aache mboga, ushauri ambao ni wa makosa na wa kikatili katika nchi ambayo ugali wa wimbi na muhogo hauliwi mkavu. Ushauri sahihi ni kwamba ale mboga kwa kiasi kisichobadilika sana, na dozi ifuate mlo wake, ila kutobadilika ndiko kugumu. Dozi iliyopangwa Januari, wakati wa ukame, mtu akiwa anakula dagaa na maharage, hukutana na mvua za Machi hadi Mei, wakati majani ya kunde, mnavu na mrenda vinapoliwa kila siku, na damu ambayo ilikuwa imelindwa ikaanza tena kuganda pasipo mgonjwa kusahau hata kidonge kimoja. Kalenda ya kipimo ingepaswa kufuata kalenda ya shamba.

Kuna duka la dawa. Mtu mwenye maumivu ya mgongo baada ya palizi hununua diklofenaki, na dawa hiyo huunguza tumbo wakati damu haiwezi kuganda upesi. Mwenye kuhara hununua metronidazoli, na wengine humeza kotrimoksazoli, ile iitwayo Septrin, na hizo mbili huipandisha INR. Mwenye kifua kikuu humeza rifampisini, nayo huishusha. Muuzaji wa duka hakuambiwa, na mgonjwa hakujua kwamba alipaswa kumwambia. Na kwa kuwa mpaka uko karibu, vidonge huweza kununuliwa leo upande huu na kesho upande wa pili, kutoka kwa watengenezaji tofauti, jambo ambalo ni la hatari kuliko linavyodhaniwa, kwa maana rangi za vidonge vya warfarini si lugha moja duniani: kidonge cha waridi kwa desturi ya Uingereza ni miligramu 5, na kwa desturi ya Marekani ni miligramu 1. Mgonjwa aliyefundishwa kumeza kile cha waridi hajafundishwa kitu mpaka ajue kusoma namba iliyoandikwa.

Na kuna dawa za miti shamba, ambazo wasemaji wawili hawakuzitaja, pengine kwa adabu. Watu huziendea kwa sababu mganga yuko karibu, husikiliza, na hahitaji nauli. Hilo halistahili kudharauliwa, hasa ikikumbukwa kwamba digoksini yenyewe ilitokana na jamii ya mmea ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785 baada ya kuusikia katika tiba za kienyeji za kwao. Lakini Withering alihangaika na kiasi kwa miaka mingi, kwa kuwa jani lile lile huponya na huua. Mganga wa Padhola asiyejua kwamba mgonjwa wake anameza warfarini hawezi kulaumiwa kwa asichoambiwa, na mgonjwa anayekaripiwa kituoni kwa kwenda kwa mganga hatasema tena.

MPINZANI. Maneno ya Mwenye Maradhi yanaidhoofisha hoja kuliko upinzani wowote. Ikiwa kuilinda damu kunahitaji mambo yote hayo, basi hoja inamtaka mtu wa Mulanda atumie nguvu asizo nazo. Pengine jawabu ni dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani, ambazo hazihitaji INR wala hazijali mboga, na ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019.

MTETEZI. Kwa mgonjwa ambaye vali zake ni nzima na ambaye mtetemo wake umetokana na presha au umri, hilo ni kweli, na bei ikishuka itakuwa nafuu kubwa. Lakini kwa mgonjwa wa vali ya baridi yabisi, jaribio la INVICTUS lililochapishwa mwaka 2022, lililofanywa kwa wagonjwa 4,531 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, lilitoa jawabu ambalo wengi hawakulitarajia: waliopewa dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, na kuvuja damu hakukuwa kwingi zaidi. Kwa hiyo dawa ngumu ndiyo iliyo bora kwa mtu ambaye mazingira yake ni magumu, na hilo halibadiliki kwa kulichukia.

Linaloweza kubadilika ni mahali pa kipimo. Huko Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda iliendeshwa na wafamasia badala ya kungoja madaktari wa moyo ambao ni wachache, na INR ilipimwa kwa tone la damu ya kidole kwenye kimashine cha mkononi, jawabu likapatikana mgonjwa akiwa bado amekaa. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia kimashine kama hicho kukaa katika kituo cha daraja la nne, siku moja kila juma, kikiwa na mtu mmoja aliyefundishwa na daftari moja la dozi.

MPINZANI. Basi hoja si ya mgonjwa tena, ni ya serikali ya wilaya, na isemwe hivyo. Yako pia mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyafanya pasipo wilaya, na ambayo upande wa hoja umeyaruka kwa haraka ya kufika kwenye damu. La kwanza ni pombe. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 140 wa mtetemo waliokuwa wakinywa kwa kawaida waligawanywa, nusu wakaambiwa waache. Katika miezi sita mtetemo uliwarudia 53 kwa kila 100 walioacha, na 73 kwa kila 100 walioendelea. Katika nchi ambayo pombe ya wimbi, iitwayo ajon na Iteso walio majirani, hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kuacha si jambo la kinywa peke yake, kwani chungu ndicho kikao, na anayekiacha anaacha pia mahali ambapo mashamba na mahari huzungumziwa. Wazee wakikubali mtu akae kwenye chungu bila mrija, watakuwa wamefanya tiba.

La pili ni kutofautisha. Si kila moyo unaokwenda mbio unatetemeka, na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kikichukuliwa wakati wa shambulio, huamua kwa dakika chache. Mwenye mashambulizi ya kasi iliyo sawa anaweza hata kufundishwa kuyakatiza mwenyewe: akiwa ameegemea nusu ameketi, hupuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa nguvu ya kutosha kukisogeza kisukumio, kwa sekunde 15, kisha hulazwa chali mara moja na miguu yake kuinuliwa kwa sekunde 15. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 2015 njia hiyo ilituliza mashambulizi 43 kati ya kila 100, ambapo kupuliza bila kulazwa kulituliza 17 tu. Kwa mtetemo wa atria mbinu hiyo haifai kitu, na ndiyo maana kujua jina la mvurugiko kunatangulia kila tiba. Kabla ya mashine, hata vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima huweza kumwambia mhudumu wa afya wa kijiji kwamba mapigo hayana mpango na mtu apelekwe mbele.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba Mtetezi ameshinda kwa hoja ya kiharusi, na kwamba Mpinzani ameshinda kwa jambo dogo lililopita haraka, yaani kwamba mtu hurudi kliniki kwa ajili ya pumzi yake, si kwa ajili ya bonge asilolisikia. Kidonge cha kupunguza kasi kikitolewa siku ile ile na kile cha kulinda damu, cha kwanza humlipa mgonjwa uvumilivu ambao cha pili kitamdai. Lakini hakuna aliyegusa namna ya kuuzuia mwanzo wa jambo. Jaribio lililofanywa kaskazini mwa Uganda, likachapishwa mwaka 2021, liliwachukua watoto na vijana 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibiwa na homa ya baridi yabisi bila wao kujua; nusu yao walidungwa penisilini ya benzathini kila baada ya majuma manne, na baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa chini ya mmoja kati ya kila 100 waliodungwa, na kwa zaidi ya 8 kati ya kila 100 wasiodungwa. Mtoto wa Mulanda mwenye koo linalouma leo ndiye anayejadiliwa hapa, miaka 20 kabla ya mjadala.

MWENYE MARADHI. Limebaki swali ambalo pande zote mbili hazikulitamka, ingawa ndugu Mpinzani alilikaribia alipotaja mwanamke wa miaka 28. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na katika majuma ya 6 hadi 12 ya mimba huweza kuuharibu uso na mifupa ya mtoto anayeumbwa. Kwa hiyo mara nyingi hubadilishwa kwa sindano za heparini, ambazo hudungwa kila siku chini ya ngozi. Wakati huo huo, mimba yenyewe huzidisha damu mwilini na kuongeza kasi ya moyo, na ndipo vali iliyobana inapozidiwa. Juma la 6 ni wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kushuku kwamba wana mimba, na safari ya kwanza ya kliniki ya wajawazito huwa bado mbali. Mwanamke anayeolewa katika boma ambalo heshima yake itahesabiwa kwa watoto anapaswa kuambiwa habari hizo kabla, akiwa na mume wake na pengine mama mkwe wake, kwa lugha ya nyumbani, na mtu mwenye muda wa kujibu maswali. Katika kliniki ya moyo anaulizwa juu ya pumzi, katika kliniki ya uzazi anaulizwa juu ya hedhi yake ya mwisho, na daftari la dozi ya warfarini halina mstari wa kuandika kama anatarajia kuzaa.